Somo la 7: Kibarua, Kombe na Dhamiri

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Danieli 6:1–10, Luka 16:10, Mithali 10:9, 11:1, Kutoka 20:8–11, Mwanzo 39:7–23, Danieli 3:16–18, Wagalatia 6:2, 10.

Fungu la kukariri: Danieli 6:4. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, mpaka ulijue kwa moyo.

Mwanza ni mji wa mpira. Wazee wetu bado wanasimulia mwaka 1990, Pamba ilipotwaa ubingwa wa Tanzania. Jioni, viwanja kuanzia Butimba hadi Malimbe hujaa vijana wa vyuo wakifanya mazoezi, na pembeni ya kila kiwanja husimama mtu mwenye filimbi shingoni. Huyo ndiye kocha. Timu ikishinda, wachezaji hubebwa mabegani. Timu ikifungwa mara tatu mfululizo, kibarua cha kocha huota nyasi.

Juma hili tumfikirie kocha mmoja wa timu ya chuo. Hatumpi jina, kwa sababu anaweza kuwa yeyote kati yetu. Ni Mwadventista, ana mke na watoto watatu, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Mkuu wa chuo amemwambia waziwazi kwamba mwaka huu anataka kombe. Wiki moja kabla ya mashindano anakutana na mambo mawili. Kwanza, analetewa jina la mshambuliaji hodari ambaye si mwanafunzi wa chuo. Pili, ratiba inatoka, na fainali imepangwa Jumamosi saa kumi alasiri.

Je, ni lipi kati ya majaribu haya mawili lililo gumu zaidi? Weka jibu lako akilini. Tutalirudia siku ya Ijumaa.

JUMAPILI
Kazi Isiyo na Doa

Soma Danieli 6:1–5. Wenzake Danieli walitafuta nini, na kwa nini hawakukipata?

Dario aliweka maafisa 120 juu ya ufalme, na juu yao wakuu watatu. Danieli alikuwa mmoja wa hao watatu, tena mfalme alikusudia kumweka juu ya wote. Hapo ndipo wivu ulipoanza. Wenzake wakafanya kile ambacho leo tungekiita ukaguzi: wakapekua hesabu zake, maamuzi yake na mwenendo wake ofisini. Watu wenye nia mbaya hupekua kuliko mkaguzi yeyote. Hata hivyo hawakuona uzembe wala ufisadi.

Angalia mpangilio wa sura hii. Tunapenda kukimbilia fungu la 10, dirisha lililofunguliwa kuelekea Yerusalemu, na kisha simba. Lakini fungu la 4 limetangulia. Kabla Danieli hajajaribiwa katika ibada yake, alikuwa amekwisha kupimwa katika kazi yake. Kwa kuwa kazi ilikuwa safi, adui zake walibakiwa na mlango mmoja tu: sheria ya Mungu wake.

Hili ndilo wazo kuu la somo letu. Mkristo aishi kazini kwa namna ambayo wakitaka kumwondoa, wasipate sababu nyingine yoyote isipokuwa Mungu wake. Kocha anayechelewa mazoezini, anayekula nauli ya wachezaji, au anayewatukana vijana hadharani, hawezi kusema ameonewa kwa ajili ya imani siku atakapofukuzwa.

Kama mwajiri wako angekagua kazi yako ya miezi sita iliyopita, angekuta nini ambacho ungependa kukirekebisha leo?

JUMATATU
Fomu ya Usajili

Soma Luka 16:10 na Mithali 11:1. Mizani ya udanganyifu inaweza kuwa na sura gani katika kazi isiyo ya dukani?

Kila mpenda michezo wa shule na vyuo anayajua maneno mawili: mamluki na vijeba. Mamluki ni mchezaji aliyekodiwa kutoka nje na kuvishwa jezi ya chuo asichosoma. Kijeba ni mtu mzima aliyepunguziwa umri ili acheze na watoto. Haya hayafanyiki mbele ya mashabiki. Hufanyika mezani, kwa kalamu, kwenye fomu ambayo kocha anaweka sahihi yake.

Taifa letu limeonja pande zote mbili za jambo hili. Timu yetu ya vijana, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika za mwaka 2005 kwa sababu ya umri wa mchezaji. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2017, Serengeti Boys ilikwenda fainali za Gabon ikichukua nafasi ya Kongo Brazzaville, baada ya mzozo wa umri wa mchezaji wa Kongo. Mara ya kwanza uongo ulitunyang'anya nafasi. Mara ya pili kanuni ileile ilitupa.

Kocha wetu ameikalia fomu usiku. Sauti zinazomjia zote zina busara ya kibinadamu: "Vyuo vyote vinafanya hivyo." "Ukiondoka wewe, atakayekuja atamsajili." "Watoto wako watakula uaminifu?" Lakini kuna jambo ambalo sauti hizo hazilitaji. Jina la mamluki likiingia, jina la mwanafunzi mmoja halali litatoka. Kijana huyo amefanya mazoezi mwaka mzima. Uongo wa kwenye karatasi daima una mtu unayemuumiza, hata kama hatumwoni.

Nasi tulio nje ya uwanja tusijione salama. Mvuvi ana kokoro lake na sangara ambaye hajafikia sentimita 50. Mchuuzi wa Mwaloni ana mizani yake. Karani ana risiti zake, na mwalimu ana alama za mtihani.

"Fomu" yako ni ipi, mahali ambapo sahihi yako tu ndiyo inayojua ukweli?

JUMANNE
Njia Zilizopotoka Hujulikana

Soma Mithali 10:9 na Hesabu 32:23. Mafungu haya yanatoa onyo gani, na yanatoa faraja gani?

Mwanzoni mwa mwaka 2016, mechi za mwisho za kundi moja la Ligi Daraja la Kwanza zilimalizika kwa matokeo ya kushangaza: mabao 8–0 katika uwanja mmoja na 7–0 katika mwingine. Timu zilizokuwa zikiwania kupanda zilihitaji mabao mengi, na mabao yakapatikana. Shirikisho la soka, TFF, lilichunguza. Timu nne ziliadhibiwa kwa kupanga matokeo, na baadhi ya wahusika wakafungiwa kushiriki mpira. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ikaenda kwa timu nyingine ya kundi hilo, Mbao FC ya Mwanza.

Msimu uliofuata, chini ya kocha kutoka Burundi, Étienne Ndayiragije, Mbao iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, hapahapa Kirumba. Ikafika fainali mjini Dodoma Mei 2017, na ikafungwa na Simba 2–1 baada ya muda wa nyongeza.

Tujifunze kwa uangalifu hapa. Ni kweli kwamba njia iliyopotoka ilijulikana, na mlango ukafunguka kwa wengine. Lakini tusihubiri kwamba mwaminifu atapandishwa daraja kila mara kabla ya msimu kuisha. Asafu aliwaona waovu wakinenepa, na miguu yake ikakaribia kuteleza (Zaburi 73:2, 3). Alitulia pale tu alipoingia patakatifu pa Mungu na kuutambua mwisho wao (fungu la 17). Mungu hutunza hesabu ndefu kuliko jedwali la msimamo wa ligi.

Umewahi kuona mwongo akifanikiwa kazini? Jambo hilo liliifanyia nini imani yako?

JUMATANO
Fainali Ikiangukia Sabato

Soma Kutoka 20:8–11 na Danieli 6:10. Maneno ya mwisho ya Danieli 6:10 yanatuambia nini kuhusu maisha ya Danieli kabla ya amri ya mfalme?

Danieli hakuanza kuomba siku amri ilipotiwa sahihi. Alifanya kama alivyozoea kufanya siku zote. Mtu ambaye Sabato zake za kawaida hazina utaratibu atapata shida kuitetea Sabato yenye fainali. Uamuzi wa siku kuu hufanywa katika siku nyingi ndogo zilizoitangulia.

Mwaka 1924, mkimbiaji Eric Liddell wa Scotland aliona kwamba mchujo wa mita 100 katika Olimpiki ya Paris ungefanyika Jumapili, siku aliyoiheshimu kwa ibada. Alilijua jambo hilo miezi kabla, akasema mapema, akajiandaa kwa mita 400, na akashinda dhahabu. Sisi tunaitambua siku ya saba, lakini tunaweza kujifunza kwake adabu ya kusema mapema. Ndugu yetu katika imani Carlos Roa, kipa wa Argentina aliyeokoa penalti na kuitoa Uingereza katika Kombe la Dunia la 1998, aliacha soka kwa muda mwaka 1999, akiwa katika kilele cha kazi yake. Mechi za Sabato zilikuwa sehemu ya mzigo wa dhamiri yake.

Kocha wetu naye afanye nini? Kwanza, Sabato yake ijulikane siku ya kusaini mkataba, wala isiwe habari mpya wiki ya fainali. Pili, aende kwa mkuu wa chuo kwa heshima, kama Danieli alivyomwendea msimamizi katika Danieli 1:8–14, akiomba na kupendekeza njia. Ratiba huweza kusogezwa ikiombwa mapema. Tatu, alitumie kanisa: mchungaji na idara ya uhuru wa dini wanaweza kumwandikia barua. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 19, inatambua uhuru wa dini. Na kama yote yakishindikana, jibu lake liwe fupi na lisilo na hasira.

Mwajiri wako anajua kuhusu Sabato yako? Alijulia wapi: kwa maneno yako, au kwa kukukosa kazini?

ALHAMISI
Kibarua Kikiota Nyasi

Soma Mwanzo 39:7–23 na Danieli 3:16–18. Uaminifu wa Yusufu ulimletea nini mara moja?

Danieli alitoka katika tundu bila jeraha. Yusufu alifukuzwa kazi na kutiwa gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya. Wote wawili walikuwa waaminifu sawa. Vijana watatu wa Babeli walisema Mungu anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu. Imani ya Biblia haiweki masharti ya ajira.

Kwa hiyo tuwe wakweli. Inawezekana kocha wetu akafukuzwa. Mwezi ujao kodi ya nyumba itadaiwa, na ada ya mtoto pia. Mwanzo 39 inasema Bwana alikuwa pamoja na Yusufu nyumbani kwa Potifa (fungu la 2), na inasema tena maneno hayohayo kuhusu gereza (fungu la 21). Kazi ilibadilika, lakini Bwana hakubadilika.

Soma Wagalatia 6:2, 10. Hapa neno linageukia kwetu sisi tulioketi darasani. Tunajua kumwinua mbele ya kanisa ndugu aliyekataa kazi kwa ajili ya Sabato, na "Amina" husikika hadi barabarani. Je, Jumatatu nani anabisha hodi kwake? Yupo anayeuliza kama kuna unga? Yupo mwenye shule au kiwanda anayempa kazi? Kanisa linalofundisha watu wake kusimama imara linapaswa pia kuwa mahali pa kuegemea wakisimama.

Katika darasa lenu, ni nani amepoteza kazi mwaka huu? Kabla ya Sabato, mtembelee.

IJUMAA
Kujifunza Zaidi

Soma sura ya 44 ya kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme, inayohusu Danieli katika tundu la simba.

Rudi kwenye swali la Sabato mchana. Wengi wetu tutasema jaribu gumu ni fainali ya Sabato. Labda ni kinyume. Sabato ina mashahidi: kanisa zima litajua kama kocha alikuwa uwanjani au ibadani. Fomu ya usajili haina shahidi ila Mungu. Mtu anaweza kuilinda Sabato kwa kuogopa macho ya ndugu, na siku ya Jumapili akasajili mamluki kwa amani. Lakini amri ya nne na ya tisa ziliandikwa na kidole kimoja. Sabato humkumbusha kocha Muumba wake ni nani. Muumba huyohuyo anaitazama kalamu yake.

Maswali ya Kujadili

1. Kocha anakaa ibadani siku ya Sabato na kumwachia msaidizi wake aiongoze timu kwenye fainali. Soma tena Kutoka 20:10. Je, hili ni suluhisho, au ni kuhamisha mzigo? Jadilini bila kuhukumiana.

2. Mkuu wa chuo anasema, "Wewe saini tu, dhambi itakuwa yangu." Mtamjibu nini kwa heshima?

3. Mwanafunzi Mwadventista ameitwa timu ya chuo na anaogopa kusema kuhusu Sabato. Wazazi na viongozi wa vijana wamsaidieje mapema?

4. Taja kazi zinazofanywa na washiriki wa darasa lenu. Katika kila moja, uaminifu wa Danieli 6:4 unaonekanaje siku ya kawaida?

5. Kanisa lenu liweke mpango gani kwa mshiriki anayepoteza kazi kwa ajili ya dhamiri? Andikeni hatua moja mtakayoianza mwezi huu, na jina la atakayeisimamia.