Babu, Mjukuu na Fimbo ya Kuvulia

Masomo mengi ya jarida hili yanahusu karatasi: kadi ya makazi, bima ya afya, fomu za shule. Leo tunatoka nje. Somo ni uvuvi, na wanafunzi ni watoto na wajukuu wetu.

Nianze na kwangu. Nilizaliwa karibu na Baraka, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nilipokuwa na miaka saba baba alinipa uzi, ndoana na ndagala mmoja wa chambo, akanionyesha jiwe la kukalia. Binti yangu hakupata bahati hiyo. Yeye alikulia kambi ya Nyarugusu, ambako maji tuliyoyajua yalikuwa ya bomba na foleni ya madumu. Wajukuu wangu nao wanakulia hapa Brussels. Samaki wanayemjua ni wa mstatili, amepakwa unga wa mkate, na anatoka kwenye friza ya duka.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wenzangu mnalijua. Barua ikija, mtoto ndiye anayeisoma. Kwa daktari, mtoto ndiye anayetafsiri. Shule ikipiga simu, mtoto ndiye anayejibu. Polepole mzee anakuwa mtu wa kuelezwa tu, na mtoto anaanza kuamini kwamba babu hajui kitu. Siku nilipomwonyesha mjukuu wangu wa miaka tisa jinsi ya kufunga ndoana, alinitazama sana kisha akauliza: "Babu, ulijifunza wapi?" Swali hilo nilikuwa nikilisubiri tangu tulipotua.

Ndiyo maana ninaandika. Kando ya maji mzee anarudi kuwa mwalimu. Lakini maji ya hapa yana sheria zake, na mwalimu mzuri hujifunza kwanza.

Hatua ya kwanza: nendeni mkatazame tu

Safari ya kwanza msibebe fimbo. Nendeni kwenye mabwawa ya Ixelles karibu na uwanja wa Flagey, au mabwawa ya Neerpede kule Anderlecht, au mtembee kando ya mfereji unaopita katikati ya jiji. Kutazama hakuhitaji kibali. Mwambie mtoto amtafute korongo wa kijivu. Ndege huyo husimama kimya muda mrefu kama mti, kisha anadonoa mara moja. Muulize mtoto: kwa nini hakimbiikimbii? Somo la subira limeanza, na hujatoa hotuba.

Mweleze pia habari za mto wa jiji hili. Brussels ilizaliwa kando ya mto Senne, ambao Waflandria huuita Zenne. Mto ulichafuka, ulifurika, na mwaka 1866 kipindupindu kikaua watu wengi. Kati ya 1867 na 1871, wakati wa meya Jules Anspach, ulifunikwa katikati ya jiji na barabara pana zikajengwa juu yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja maji machafu ya jiji yaliendelea kumwagwa humo. Mtambo wa kwanza wa kuyasafisha ulianza kazi mwaka 2000, wa pili mwaka 2007, na samaki wameanza kurudi. Mtoto ataelewa: maji yakitunzwa, samaki hurudi.

Hatua ya pili: kibali kwanza, ndoana baadaye

Hapa nilikosea, nanyi msirudie kosa langu. Jumapili moja nilikwenda kwenye bwawa nje kidogo ya jiji na fimbo na kopo la minyoo. Sikuwa na kibali. Nilidhani maji ni ya Mungu. Mtu mwenye sare alikuja akaniuliza karatasi. Mjukuu wangu ndiye aliyetafsiri, uso umemwiva. Sikutozwa faini siku ile, lakini nilikuwa nimemleta mtoto anione nikiwa mwalimu, akaniona nikionywa. Tulirudi nyumbani bila kusemezana.

Sasa ninajua yafuatayo:

- Ubelgiji ina majimbo matatu: Brussels, Flandria na Wallonia. Kila jimbo lina sheria zake za uvuvi na kibali chake. Cha jimbo moja hakikubaliki katika jingine.
- Jimbo la Brussels limezungukwa na Flandria pande zote. Mfereji wa Charleroi unaouona Anderlecht, ukiufuata kwenda kusini hadi Halle, uko Flandria. Ukiendelea zaidi, umeingia Wallonia. Maji ni yale yale, sheria zimebadilika mara mbili.
- Kwa Kifaransa kibali huitwa *permis de pêche*, kwa Kiholanzi *visverlof*. Cha Flandria hutolewa na idara ya Natuur en Bos. Kwa maji ya Brussels, anzeni kuuliza Bruxelles Environnement.
- Uliza pia kuhusu mtoto, kwa sababu masharti hutegemea umri wake.
- Si kila bwawa la bustani linaruhusu uvuvi. Someni kibao kilichopo pale. Mengine ni ya vyama vya wavuvi au ya watu binafsi, nako mnalipa kwa mwenyewe.
- Nyavu haziruhusiwi, wala kamba za kutega na kuacha. Majira ya kuchipua samaki wengi hutaga mayai, na baadhi hawaruhusiwi kuvuliwa miezi hiyo. Usiku nao una masharti yake.

Msaidizi wako wa kijamii anaweza kukusaidia kujaza maombi. Vizuri zaidi, jaza pamoja na mjukuu. Yeye asome Kifaransa, wewe umweleze kwa nini samaki anayetaga aachwe. Hapo kila mmoja ana kitu cha kumpa mwenzake.

Hatua ya tatu: vifaa vichache

Usinunue vingi. Mtoto anahitaji fimbo nyepesi ya kuvutika, ya mita tatu au nne, isiyo na rola. Ongeza mshipi mwembamba, boya dogo, chubwi za kuzamisha, na ndoana ndogo isiyo na kijino, ili itoke kwa urahisi kwenye mdomo wa samaki au kwenye kidole. Wavu mdogo wenye mpini wa kumpokelea samaki unasaidia sana. Tafuteni kwanza kwenye maduka ya mitumba.

Chambo kiko jikoni: mahindi matamu ya kopo au mkate uliofinyangwa. Minyoo mtachimba pamoja, na hiyo ndiyo sehemu watoto wengi wanaipenda kuliko zote.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Chagueni asubuhi isiyo na upepo. Msikae zaidi ya saa mbili. Mtoto aondoke akiwa bado anataka kubaki. Mpime kina kwanza, kisha sogezeni boya ili chambo kifike karibu na chini. Tupeni punje chache za mahindi mahali pamoja kuwaita samaki. Halafu nyamazeni.

Anayekuja mara nyingi ni *gardon*, samaki mdogo wa rangi ya fedha mwenye mapezi mekundu. Sangara wa hapa, *perche*, ana milia ubavuni na miiba mgongoni, kwa hiyo msimshike ovyo. Boya likizama, acha mtoto ainue fimbo mwenyewe. Ukimnyang'anya, samaki atakuwa wako na siku itakuwa imeharibika. Nami najua jinsi mikono ya mzee inavyowasha wakati huo.

Samaki huyu tumle?

Kwetu hakuna anayevua ili amrudishe samaki majini. Tulivua kwa ajili ya chungu. Hapa wavuvi wengi humrudisha, na mjukuu wangu alipoona mimi nashangaa, alicheka. Nilihitaji muda kuelewa.

Samaki wa mfereji msiwale. Mfereji wa Charleroi umehudumia viwanda tangu 1832, na uchafu wa viwanda hukaa kwenye tope la chini. Samaki aina ya mkunga, *anguille*, ni mbaya zaidi: sumu hujikusanya katika mafuta yake. Tena mikunga ya Ulaya iko hatarini kutoweka kabisa. Mkiwanasa, warudisheni. Samaki wa chungu tutamnunua Matonge, barabara ya Wavre, au tutamvua kwenye bwawa la kulipia lenye trauti.

Kumrudisha samaki nako kuna adabu. Lowesheni mikono kwanza, maana mkono mkavu humtoa ute unaomlinda. Toeni ndoana taratibu. Mtoto amtazame: magamba, mashavu, jicho. Kisha amshushe majini kwa mikono miwili, asimtupe. Mjukuu wangu sasa humwambia kila samaki: "Nenda, uwasalimie nyumbani."

Usalama

Kingo za mfereji ni kuta zilizosimama wima, na aliyeanguka hapandi kirahisi. Maji ni baridi hata siku ya jua. Mtoto mdogo avae jaketi la kuokolea, na mtu mzima asimwache hata kwa dakika ya simu. Kwa wanaoanza, bwawa lenye ukingo wa chini ni bora kuliko mfereji. Shule nyingi za msingi huwapeleka watoto kuogelea, msiwazuie. Fimbo nyingi za kisasa hupitisha umeme, kwa hiyo kamwe msivue chini ya nyaya. Ajali ikitokea, piga 112.

Wakati boya limetulia, simulia

Uvuvi mwingi ni kungoja, na kungoja ndiko kunakoleta hadithi. Waambie jinsi taa zinavyowashwa usiku Tanganyika ndagala wapande, hata ziwa likaonekana kama mji. Waambie kwamba sambaza wanaoliwa Goma na Bukavu hawakuwa wa Kivu tangu mwanzo. Walichukuliwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, nao wakazaliana wakashiba watu. Samaki aliyehamishwa alipata maisha katika maji mageni. Mtoto wa mkimbizi ataielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Na mkipata nafasi ya kwenda baharini, nendeni Oostduinkerke. Kule wavuvi huingia baharini juu ya farasi wakubwa wakivuta nyavu za kamba wadogo wa kijivu. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka uvuvi huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Ujuzi wao hupita kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana, kama wetu. Mwambie mjukuu: hata Wabelgiji wanajua kwamba hekima ya babu ni mali.

Maneno ya kujifunza pamoja

Kiswahili – Kifaransa – Kiholanzi
samaki – *poisson* – *vis*
kuvua – *pêcher* – *vissen*
fimbo ya kuvulia – *canne à pêche* – *hengel*
ndoana – *hameçon* – *haak*
boya – *flotteur* – *dobber*
chambo – *appât* – *aas*

Mtoto akufundishe safu mbili za kulia. Wewe umfundishe ya kushoto, maana neno chambo likipotea kwake, halitapatikana shuleni.

Zoezi la nyumbani

1. Mzee: taja samaki watano wa ziwa au mto wa kwenu. Mtoto awachore.
2. Mtoto: tafuta sheria moja ya uvuvi ya jimbo mnaloishi, umsomee babu au bibi kwa Kiswahili.
3. Wote: chagueni siku moja ya kwenda kutazama maji kabla ya mwezi kwisha.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Watoto wetu bado wabichi, na sisi bado tupo. Tukutane kando ya maji, kibali mfukoni.