Mwanga wa Asubuhi na Usingizi kwa Mwenye Tatizo la Haiba la Bodalaini: Kijitabu kwa Wakazi wa Busia na Malaba

Tatizo la haiba la bodalaini ni hali ya afya ya akili ambayo hisia za mtu hupanda na kushuka kwa kasi, hofu ya kuachwa humwandama, uhusiano wake na watu wa karibu huyumba kati ya mapenzi makubwa na hasira, na mara nyingine hujidhuru au hufikiria kujiua. Tiba yake ya msingi ni ya mazungumzo, hasa ile iliyobuniwa na mwanasaikolojia Mmarekani Marsha Linehan, inayomfundisha mgonjwa kustahimili hisia kali bila kujiumiza. Kinachosahaulika upesi ni usingizi: wengi wenye hali hii huchelewa kulala, husumbuliwa na majinamizi na huamka wamechoka, na aliyekesha huwa na uwezo mdogo zaidi wa kuzuia hasira.

Usingizi huongozwa na saa ya mwili, yaani kundi dogo la seli za ubongo ambalo hupokea habari za mwanga kutoka machoni na kuamua ni lini melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, itolewe. Mwanga wa asubuhi huiwahisha saa hiyo, na wa usiku huichelewesha. Tiba ya mwanga ilipata umaarufu baada ya mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake walipoeleza sonona ya majira ya baridi. Mgonjwa huketi mbele ya taa ya laksi 10,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia eneo fulani, kwa takriban nusu saa kila asubuhi. Kuhusu bodalaini tafiti ni chache na ndogo, ukiwemo mmoja wa Basel, Uswisi, wa mwaka 2013, kwa hiyo mwanga ni msaada kwa usingizi, wala si dawa ya tatizo lenyewe.

Mkazi wa Busia au Malaba hana haja ya kuagiza taa hiyo. Miji hii haifiki digrii moja kutoka ikweta, jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi mwaka mzima, na hata siku ya mawingu mwanga wa nje huushinda wa balbu ya chumbani mara nyingi. Kinachokosekana katika miji hii ya mpaka wa Kenya na Uganda ni giza: forodha hufanya kazi usiku na mchana, trela hupanga foleni, na madereva, wauza chai na waendesha bodaboda hukesha chini ya taa, baadhi yao wakitafuna miraa ili wasisinzie. Kwa hiyo inafaa mgonjwa aamke saa ileile kila siku, akae nje nusu saa bila kulitazama jua, kisha apunguze taa na simu saa moja kabla ya kulala. Anayelazimika kufanya kazi usiku alale mchana katika chumba kilichozibwa madirisha kwa pazia zito.

Tahadhari inahitajika kwa mwenye ugonjwa wa macho na kwa mwenye baipola, hali ambayo huchanganywa na bodalaini, kwa kuwa tiba ya mwanga inaweza kumchochea apate wazimu wa furaha kupita kiasi; hao waanze kwa kumwona daktari, na dawa zisiachwe kiholela. Anayetaka kujiua asiachwe peke yake, bali apelekwe mara moja hospitali iliyo karibu, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia. Familia zilizokuwa zikificha jambo hilo kwa kuogopa polisi zifahamu kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.