Irabu za gita: namna ya kukaribia mlio wa Franco kwa ampli ya kawaida

1. Utangulizi

Jioni moja ya mazoezi, mpiga gita mwenzangu aliniambia: «Ndugu yangu, mlio wako ni mzito mno. Ufanye kavu.» Nikafunga mwangwi wa ampli. Akatikisa kichwa: «Nimesema kavu!» Mpiga ngoma alipoulizwa, alisema kwamba kwake yeye mlio mkavu ni ule unaokatika upesi. Kumbe mwenzangu alitaka nipunguze sauti za chini, mimi nilielewa niondoe mwangwi, na wa tatu alikuwa akifikiria mkono wangu wa kulia. Tukakimbilia Kifaransa: sec, rond, brillant. Ubishi ukabaki palepale, umebadili lugha tu.

Tulichokuwa tukitafuta ni mlio wa gita la Franco katika sebene ya wimbo «Azda». Mazoezi yalikwisha hatujaupata. Niliporudi nyumbani nilijiuliza swali ambalo ndilo chanzo cha makala haya: je, mwanafunzi wa lugha hana chombo chochote cha kumsaidia mpiga muziki? Nadhani anacho, na alikipata katika somo la fonetiki la mwaka wa kwanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba irabu tano za Kiswahili zinaweza kutumiwa kama kipimo cha mlio wa gita, na kwamba kipimo hicho hutuambia pia wakati wa kuacha kuzungusha vitufe.

Neno moja kabla ya kuendelea. Wapiga gita wetu husema «toni» kwa maana ya rangi ya sauti. Katika isimu, toni ni kupanda na kushuka kwa sauti, kama ilivyo katika Kiluba au Lingala. Ili tusichanganye mambo, hapa nitatumia neno «mlio».

2. Chanzo na chujio

Tulifundishwa kwamba usemi una sehemu mbili. Nyuzi za sauti kooni hutetemeka na kutoa sauti ghafi: hicho ni chanzo. Kisha koo, ulimi na midomo huifanya sauti hiyo ipite kwa namna fulani, baadhi ya masafa yakiimarishwa na mengine yakififishwa: hilo ni chujio. Mtu anaweza kushikilia noti ileile na kutamka u, o, a, e, i mfululizo. Nyuzi za sauti hazikubadilika. Kilichobadilika ni umbo la kinywa.

Kwa mwanamume mzima, irabu u ina nguvu zake mbili kuu chini ya hezi 1,000. Irabu a ina nguvu karibu na hezi 700 na 1,200. Irabu i ina nguvu moja chini kabisa, karibu na hezi 300, na nyingine juu ya hezi 2,000. Sikio letu linatambua tofauti hizi bila hesabu yoyote, tangu utoto.

Gita la umeme limejengwa kwa mpango huohuo. Uzi ndio chanzo. Katika mpangilio wa kawaida, uzi mnene ulioachwa wazi hutetemeka mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba kabisa karibu mara 330. Juu ya mtetemo huo wa msingi kuna mitetemo mingine mingi midogo, inayopanda mpaka maelfu ya hezi. Mikro ya gita, yaani kile kipande chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi, huigeuza mitetemo hiyo kuwa umeme. Halafu ampli na bafle yake huamua ipi isikike sana na ipi ififie. Hata bafle yenyewe ni chujio: spika za gita kwa kawaida hazitoi mengi juu ya hezi 5,000. Kwa hiyo ampli ni kinywa cha gita.

3. Kusoma vitufe kwa irabu

Ampli nyingi zina vitufe vitatu vya kuzungusha: sauti za chini, za kati na za juu. Tuviangalie kama ulimi na midomo.

Punguza za juu, acha za chini: gita linasema u. Mlio umefunikwa, kama mtu anayeongea nyuma ya pazia. Ongeza za kati kidogo na linakaribia o: mlio wa mviringo, unaojaa. Ongeza za kati zaidi, punguza za chini, na za juu ziwe wastani: linafunguka na kusema a, mlio unaojitokeza mbele ya waimbaji. Panda na za juu huku za chini zikishuka: ni e. Za juu zikitawala na za kati zikiondolewa: ni i, mlio mwembamba unaochoma.

Mikro nayo inafanya kazi hiyo. Ile iliyo karibu na shingo ya gita huvuta kuelekea o na u; ile iliyo karibu na daraja huvuta kuelekea e na i. Vilevile mahali unapopiga uzi: karibu na daraja ni i, juu ya tundu au karibu na shingo ni o. Mtu anayetaka kuhakikisha apige noti moja tu huku akiusogeza mkono polepole kutoka shingoni hadi darajani. Atasikia gita likipita irabu zote bila kitufe hata kimoja kuguswa.

Faida ya njia hii ni kwamba irabu hazina ubishi. «Kavu» ina maana tatu katika kikundi cha watu watatu. Lakini ukimwambia mwenzako «gita lako linasema o, mimi nataka e», anajua aelekee wapi, awe amekulia katika Kibemba, Kiluba au Kisanga, maadam anazungumza Kiswahili.

4. Konsonanti haziko kwenye ampli

Hapa ndipo mimi nilipokosea, na nadhani wengi hukosea. Silabi si irabu tu. Sauti ya gita ina mwanzo wake: ule mgongano mfupi wa kidole na uzi kabla noti haijatulia. Huo ndio konsonanti. Mediatori ngumu ya plastiki hutoa mwanzo kama t au k. Nyama ya kidole gumba hutoa mwanzo kama b. Ukucha uko katikati. Kiganja kikilazwa juu ya nyuzi karibu na daraja, silabi inafungwa mapema.

Ampli haiwezi kugeuza t kuwa b. Inaweza kuifunika kwa kupunguza sauti za juu, lakini basi na irabu nayo itageuka kuwa u, na utakuwa umepoteza mambo mawili badala ya moja. Jioni ile mimi nilikuwa nikipiga kwa mediatori ngumu. Kila nilipopandisha za juu ili nipate e, mgongano wa plastiki ulizidi. Kila nilipozishusha ili mgongano upungue, mlio ulizama. Niliilaumu ampli, nikafikiria hata kuazima nyingine. Kosa lilikuwa kati ya vidole vyangu viwili.

5. Kumsikiliza Franco

Luambo Makiadi, anayejulikana kama Franco, alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938, akawa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, na akafariki Ubelgiji mwaka 1989. «Azda» ni wimbo wa mwaka 1973, uliotungwa kutangaza wauzaji wa magari ya Volkswagen. Tangazo limepita, gita limebaki.

Jambo la kwanza la kujua juu yake ni la mkono: alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mara nyingi akivuta nyuzi mbili kwa pamoja, noti hizo mbili zikiwa zimeachana kwa kipimo kiitwacho sixte, kama do na la iliyo juu yake. Basi konsonanti yake si t. Ni mwanzo wa nyama na ukucha, nao unapigwa mara mbili kwa wakati mmoja.

Irabu je? Kwa masikio yangu, gita lake katika sebene linasema e, likiegemea a pale anapopiga kwa nguvu. Halifiki i, lina ukali wa chuma, lakini ndani yake mna mwili. Msikilize halafu Docteur Nico, ambaye alipiga gita katika «Indépendance Cha Cha» ya African Jazz mwaka 1960: pale nasikia mlio laini zaidi, noti ndefu zinazoimba moja moja. Anayetaka kumwiga Nico kwa vitufe vya Franco atahangaika bure, na kinyume chake.

Jambo la pili ni jirani za gita. Katika rumba yetu gita halikai peke yake: kuna la kusindikiza, mara nyingi kuna mi-solo, na kuna besi. Kila moja lina nafasi yake. Gita la solo lenye sauti nyingi za chini linapigana na besi, nalo hushindwa. Ndiyo maana mlio unaofaa kikundini huonekana mwembamba ukiusikia peke yake chumbani. Irabu hueleweka ndani ya sentensi.

6. Hatua za kazi

Kwanza, chagua sekunde kumi za wimbo, si wimbo mzima. Zirudie mpaka uweze kuziimba kwa silabi, kwa mfano «be-be-be» au «ta-ta-ta». Silabi utakayochagua bila kufikiri ndiyo maelezo yako ya kwanza ya mlio.

Pili, rekebisha konsonanti. Ampli ikiwa imezimwa, tafuta kwa mkono mwanzo unaofanana. Weka mediatori chini ikibidi.

Tatu, washa ampli. Vitufe vitatu viwe kwenye 5, mwangwi kwenye 0, na kile cha kukwaruza, ambacho wengi hukiita gain, kiwe chini, 2 au 3. Kukwaruza si irabu. Ni kama mtu aliyepoteza sauti kooni, hubadili chanzo chenyewe. Kwa rumba, anza safi.

Nne, jiulize: wimbo unasema irabu gani, na mimi nasema irabu gani? Chagua mikro kwanza, ndipo uguse vitufe. Badili kimoja tu kwa mara moja. Katika ampli nyingi vitufe huathiriana, na anayezungusha viwili pamoja hajui tena kipi kimefanya nini.

Tano, jirekodi kwa simu, kisha usikilize wimbo na rekodi yako kwa simu hiyohiyo. Mlio unaoutafuta ulipita kwenye maikrofoni, utepe na santuri kabla ya kukufikia, na spika ya simu haina sauti za chini. Kulinganisha ampli iliyo mbele yako na wimbo ulio kwenye simu ni kulinganisha mtu na picha yake.

Sita, rudia kwa ukubwa wa sauti utakaotumia jukwaani. Sauti ikiwa ndogo, sikio husikia za chini na za juu kidogo kuliko zilivyo; tukiongeza, zinatokeza. Mlio uliopangwa chumbani usiku unaweza kugeuka kero ukumbini. Tena sauti za juu hutoka kwenye spika kwa mstari ulionyooka. Ukisimama pembeni, unasikia o wakati walio mbele wanachomwa na i. Inamisha ampli ielekee masikio yako.

Saba, mwangwi uje mwisho, na uwe kidogo. Ukiuweka mwanzoni unaficha makosa yote ya hatua zilizotangulia.

7. Mipaka ya kipimo hiki

Irabu hazisemi kila kitu. Hazipimi ukubwa wa sauti, wala mwendo wa mkono, wala kule kuchelewa kidogo nyuma ya ngoma kunakomfanya mtu mmoja achezeshe ukumbi na mwingine aukalishe. Tena masikio ya watu wawili yanaweza kuachana kwa hatua moja: mmoja akasikia a, mwingine e. Lakini tofauti ya hatua moja hujadiliwa kwa dakika moja.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba ampli hutengeneza irabu, na konsonanti hutoka mkononi. Anayetafuta mlio wa mpiga gita ampendaye aanze kwa kuutamka, kisha aulize kasoro iko upande gani. Ikiwa ni irabu, vitufe vitamsaidia. Ikiwa ni konsonanti, hata ampli ya Franco mwenyewe isingemsaidia.

Wiki iliyofuata nilikwenda mazoezini bila mediatori. Ampli ilikuwa ileile. Mwenzangu alisikiliza sebene mara mbili, kisha akasema: «Sasa linasema e. Lipandishe kidogo, liwe kati ya e na a.» Niliongeza za kati nusu hatua. Neno «kavu» halikutajwa tena jioni ile.