Kuhama kwa Miti

Msafiri atokaye Njombe kwenda Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi, aiacha nchi ya baridi na ukungu, yenye majani mafupi vilimani na vipande vya msitu mabondeni. Kadiri ateremkavyo nchi yazidi kuwa kavu, na akiendelea mbele aanza kukutana na miyombo. Miti hii hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha huchipua majani mekundu kabla mvua haijanyesha, hata mgeni hudhani kwamba mwitu unawaka moto.

Je, mpaka kati ya miti ya baridi na miti ya kiangazi umekuwa hapo sikuzote? La. Miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kuliko sasa. Barafu ya Kilimanjaro ilishuka chini sana kuliko leo, na miti ya milimani iliweza kuota mahali pa chini zaidi. Joto liliporudi, ilipanda tena.

Habari hizi zimejulikanaje, hali hakuna mtu aliyeziandika? Zimehifadhiwa katika matope. Miti humwaga chavua, yaani unga mwembamba wa maua; upepo huupeleka ziwani, nao huzama na kufunikwa na tope. Ganda la chembe zake haliozi upesi, na kila jamii ya miti ina chembe za umbo lake. Katika ziwa dogo la Masoko, karibu na Tukuyu, wataalamu walishindilia mabomba chini ya maji, wakatoa matope ya maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka. Humo yaonekana miti ya msitu mbichi na miti ipukutishayo majani ikipokezana nchi, kiangazi kilipokuwa kirefu au kifupi.

Na mti huhamaje, nao hauna miguu? Mti wenyewe hufa pale ulipoota. Mbegu ndiyo msafiri. Tunda la mninga lina bawa la mviringo, na upepo hulichukua. Myombo hauna bahati hiyo: ganda lake hupasuka kwa kishindo juani na kurusha mbegu hatua chache tu, kwa hiyo safari yake ni ya vizazi vingi.

Zamani njia ilikuwa wazi. Leo mbegu ya myombo huweza kuangukia shamba la mahindi, na kuelekea Njombe hukutana na misonobari na miwati iliyopandwa na watu. Nayo miti ya baridi, joto likizidi, itahitaji nchi ya juu zaidi. Nchi hiyo iko magharibi, upande wa Kitulo, na katikati pana mashamba.