Mguu Mmoja Ukivimba Baada ya Kuugua

Damu huganda, kisha donge huyeyushwa
Ukijikata na jembe, damu huganda kwa nyuzi za protini ziitwazo fibrini. Kidonda kikianza kupona, donge huondolewa. Seli zilizotanda ndani ya mshipa hutoa kimeng'enya kiitwacho tPA, ambacho huigeuza plasminojeni ya kwenye damu kuwa plasmini. Plasmini ndiyo inayozikatakata nyuzi hizo.

Mcharuko wa mwili hubadili nini?
Nimonia, kifua kikuu, maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua, upasuaji au jeraha kubwa huamsha kinga. Mwili hupata homa, uvimbe na maumivu. Huo ni mcharuko, na lengo lake ni kukulinda. Ukizidi, seli za mshipa huanza kuchochea damu igande, huku zikimwaga protini ya PAI-1 inayoizuia tPA. Madonge hutokea upesi na kuyeyuka kwa shida. Kulala kitandani siku nyingi, au kukaa kutwa nzima ndani ya basi la Dodoma kwenda Mwanza, huongeza hatari kwa sababu damu ya miguuni hutembea polepole.

Dalili za hatari
- Mguu mmoja kuvimba, kuuma hasa kwenye kigimbi, na kuwa na joto.
- Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, kukohoa damu au kuzimia: huenda donge limefika kwenye mapafu. Wahi hospitali saa hiyohiyo.

La kufanya
- Usiuchue wala kuukanda mguu huo, hata kwa mzazi anayekandwa kwa maji ya moto. Donge linaweza kung'oka.
- Nenda kituo cha afya. Ikibidi, utapewa rufaa, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa.
- Mjamzito, au mama aliyejifungua ndani ya siku 42, apigiwe usafiri wa dharura wa m-mama: 115, bila malipo. Wiki 6 za kwanza baada ya uzazi zina hatari kubwa.
- Maliza dozi ya dawa za maambukizi. Baada ya upasuaji, anza kutembea mara mhudumu atakaporuhusu. Safarini, shuka unyooshe miguu kila basi linaposimama.

Ukifika kwa daktari, usiishie kuonyesha mguu. Mweleze pia homa, upasuaji au uzazi wa wiki zilizopita, maana huenda chanzo kiko huko.