Pikipiki ya injekta inashtukashtuka kwenye foleni

*Pikipiki yangu ni ya injekta. Nikivuta mafuta kidogo kwenye foleni inashtukashtuka, nikivuta zaidi inatulia. Fundi anataka tubadilishe pampu. Nikubali?*
*Bodaboda, Morogoro*

Usikubali bado, ndugu yangu. Pampu iliyochoka husumbua zaidi ukiwa kasi au ukipanda mlima. Ukivuta mafuta kidogo, kilango cha hewa ndani ya throto hufunguka upenyo mwembamba mno. Hapo masizi kidogo tu ukingoni, au ufa kwenye mpira unaounganisha throto na injini, huvuruga hesabu yote ya hewa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua bomba la chujio la hewa utazame ndani ya throto. Ukiona duara jeusi, lifute kwa kitambaa laini chenye dawa ya kusafishia throto. Skrubu iliyopakwa rangi kiwandani usiiguse. Hapo ndipo wengi huharibu.

Kagua pia waya wa mafuta: kwa pikipiki nyingi, mlegeo wa milimita 2 hadi 6 kwenye mshikio unatosha. Cheni iliyolegea nayo huleta mshtuko uleule, na hiyo ni kazi ya spana tu.

Taa ya injini ikiwaka, au pikipiki ikikuzimikia barabarani, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Pampu usiilipie kabla presha yake haijapimwa.