Gede: Mji Uliotoka Ardhini Mwake

Ukishika barabara ya Malindi kutoka Matsangoni, chini yako kuna mwamba uliowahi kuwa hai. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo, na matumbawe yakakua humo. Maji yaliporudi nyuma, matumbawe yakabaki nchi kavu, yamekauka, yamejaa vitundu.

Wajenzi wa Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya ambao leo ni magofu, walikata mawe ya kuta zao katika mwamba wa namna hii. Lakini jiwe peke yake halishiki jiwe, na hapo ndipo ninapowastaajabia. Matumbawe ni kalisi kabonati. Yapange juu ya tanuu ya magogo, moto ufike karibu nyuzi 900, nayo yataachia hewa ya kaboni: katika kilo 100 za jiwe safi, 44 hupotea hewani, 56 hubaki chokaa. Imwagie maji, inatokota, inapasuka, inakuwa unga. Ichanganye na mchanga, ipake ukutani, usubiri. Mwaka baada ya mwaka chokaa huvuta tena hewa ileile ya kaboni na kurudi kuwa jiwe. Ukuta wa Gede, basi, ni mwamba uliovunjwa, ukachomwa, ukaundwa upya kwa umbo alilolitaka mwashi. Gharama yake ilikuwa msitu, maana tanuu hula kuni nyingi. Mikoko nayo ilitoa boriti za dari, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba.

Vitundu vya mwamba vina kazi nyingine. Mvua hupenya, haiachi kijito, kwa hiyo mji ulitegemea visima. Chini huko maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji baridi ina kilo 1,000, ya bahari kama 1,025. Kwa tofauti hiyo ndogo, kila mita ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake.

James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu mwaka 1948, aliona kushuka kwa maji ya visima kuwa mojawapo ya sababu za mji kuhamwa katika karne ya 17. Hesabu inamuunga mkono: palipo na mwamba kama huu karibu na bahari, maji ya kisima yakishushwa nusu mita tu na kubaki hapo, chumvi hatimaye hupanda kama mita 20.